Waandaaji wa hija za Roma, mnatukimbiza nini kwenye makaburi ya Mapapa?

Wakuu, nimevumilia tangu turudi, ila leo naandika kwa sababu kampuni ileile imeanza kuchangisha msafara mwingine parokiani kwetu. Jina silitaji, wenyewe watajijua.

Kwenye msafara wetu kulikuwa na wazee waliouza ng'ombe ili wafike Roma. Ratiba ilisema asubuhi nzima ni Basilika la Mtakatifu Petro. Asubuhi hiyo ikaishia kwenye foleni ya ukaguzi na picha za pamoja uwanjani. Ndani ikawa mchakamchaka. Pietà ya Michelangelo, sanamu ya Bikira Maria akimpakata Yesu aliyekufa, ambayo iko nyuma ya kioo tangu mtu aivamie kwa nyundo mwaka 1972: pigeni picha, twende. Altare kuu: pigeni picha, twende.

Kilichonichefua zaidi ni pale kwenye kaburi la Papa Alexander VII. Mama mmoja alisimama akauliza, "Baba, mbona kuna mifupa ya mtu kanisani?" Kiongozi wa msafara akamjibu, "Achana nayo mama, ni mambo ya kale, basi linatusubiri." Nyuma yangu kijana akaanza kunong'ona habari za Freemason, na kiongozi amesikia, kanyamaza! Mtu anatoka Tanzania mpaka Vatikani, anarudi kijijini na uzushi huo, na wamemlipisha mamilioni.

Maelezo yenyewe hata dakika tano hayamalizi. Mahali alipopewa Bernini, mchongaji wa kaburi hilo, palikuwa na mlango unaotumika. Hakuuziba, aliugeuza kuwa mlango wa kifo. Juu yake akashusha pazia kubwa la jiwe jekundu kutoka Sicilia, limekunjamana utadhani ukilishika litanyanyuka. Chini ya pazia inachomoza mifupa mitupu ya shaba iliyopakwa dhahabu, fuvu limefunikwa na mikunjo, mkono umeinua saa ya mchanga. Na juu kabisa Papa mwenyewe kapiga magoti, kichwa wazi bila taji, anasali. Muda wake umekwisha na yeye haachi kusali. Bernini aliikamilisha mwaka 1678, naye anakaribia miaka 80. Kila Jumatano ya Majivu tunapakwa majivu na kuambiwa sisi ni mavumbi, huyo mama angeelewa mara moja!

Kaburi la Clement XIII, lenye simba wawili waliochongwa na Canova, tulilipita bila hata kuambiwa ni la nani. La Pius VII hatukufikishwa kabisa, na mchongaji wake, Thorvaldsen wa Denmark, alikuwa Mlutheri. Msafarani tulikuwa na Mlutheri, mume wa mwanakwaya wetu. Angefurahi mno kulijua hilo akiwa amesimama pale pale.

Nilipolalamika hotelini nikajibiwa kwamba hija ni sala, si utalii wa masanamu. Jibu la ovyo kabisa. Dukani kwa rozari, ambako walikuwa na mazoea na mwenye duka, tulikaa muda mrefu kuliko ndani ya Basilika. Hiyo ndiyo sala?

Mnaotaka kujiandikisha, kabla hamjalipa daini ratiba ya maandishi inayoonyesha saa za ndani ya kanisa na jina la atakayewaelezea. Na waliowahi kwenda na waandaaji wengine, nanyi mlikimbizwa hivi?