Wenzangu wanapata stimu ya mbio, mimi nashika magoti. Kwa nini?

Dereva_Mbagala: Wakuu, naomba kueleweshwa. Naendesha daladala, kutwa nimekaa. Daktari kaniambia presha inapanda, nikajiunga na klabu ya jogging hapa mtaani. Jumamosi tukimaliza mchakamchaka wenzangu wanacheka na kucheza, mimi kichefuchefu na hasira. Wanasema ni endofini, kemikali za raha zinazotengenezwa na mwili. Je, mimi sina?

ChipsiMayai: Unazo mkuu, ziko chini ya kitambi 😂

Mama_Fizio: Achana naye huyo. Unazo, ubongo wa kila mtu unatengeneza opioidi, yaani vitu vya jamii ya mofini, ile dawa kali ya maumivu; endofini ni mojawapo. Huko Turku, Finland, watafiti waliwapiga wanaume wenye afya picha za PET (skani inayoonyesha kemikali zinavyofanya kazi ubongoni) baada ya kuendesha baiskeli. Saa nzima ya mwendo wa wastani haikuleta badiliko la wazi kwa kundi zima. Vipindi vifupi vya nguvu zote ndivyo vilivyofungulia opioidi, ila wengi walishuka wamenuna kama wewe. Kwa hiyo kichefuchefu chako si dalili kwamba hazitoki. Huenda zinatoka kwa sababu unaumia!

Mwaka 2022 walewale wakaonyesha kuwa waliozoea mazoezi wanatoa opioidi nyingi zaidi baada ya vipindi hivyo vikali. Sasa, je, mazoezi ndiyo yaliyowapa, au wanaoonja utamu ndio wanaodumu? Utafiti huo hauamui. (Na ni wanaume tu, sisi wanawake kama kawaida tunasubiri.)

Msomi_Nusu: Lakini endofini ya kwenye damu si haipenyi kuingia kwenye ubongo?

Mama_Fizio: Ndiyo maana walipiga picha ubongo wenyewe badala ya kupima damu. Tena stimu si ya opioidi peke yake. Hamburg, 2021, wakimbiaji walipewa naltrexone, dawa inayoziba vipokezi vya opioidi (sehemu ambako opioidi hujishikiza ili zifanye kazi), na raha wakaipata vilevile. Wanaoshukiwa sasa ni endokanabinoidi, binamu wa bangi wanaotengenezwa na mwili.

Dereva_Mbagala: Kumbe! Basi Jumamosi nifanyeje, dada?

Mama_Fizio: Kwanza mwambie daktari wako kuhusu hicho kichefuchefu, maana una presha. Akikuruhusu, kaa nyuma na wanaotembea, acha kushindana na vijana. Ukishindwa kuitikia wimbo, umezidisha, punguza. Miezi michache ya hivyo ndipo ufikirie kasi.

ChipsiMayai: Na mimi nakuja, ila nani anabeba maji?