Fundi wa kupiga lipu Mwanza: alipwe kwa siku, kwa mita ya mraba, au apewe kazi yote pamoja na vifaa?

Mkazi wa Buhongwa

Mwangaluka wana-Mwanza, na habari za kazi kwa wote mlioko kandokando ya ziwa letu.

Boma langu la vyumba vitatu limeshaezekwa, mabomba ya nyaya za umeme yameshafukiwa ukutani na fremu za milango zimesimama, hivyo hatua inayofuata ni kupiga lipu ndani na nje kabla mvua za vuli hazijaanza mwezi Oktoba. Matofali ni ya bloku ya inchi 6. Nimepima kuta zote na kupata takriban mita za mraba 220 kwa ndani na 100 kwa nje, baada ya kutoa nafasi za milango na madirisha.

Nimezungumza na mafundi watatu, na kila mmoja anataka utaratibu wake. Wa kwanza ni jirani yangu, ambaye anataka alipwe kwa siku, yeye na saidia fundi wawili. Wa pili amepiga lipu nyumba kadhaa upande wa Mkolani, naye anataka malipo kwa mita ya mraba huku mimi nikinunua saruji na mchanga. Wa tatu ana kikundi chake, anataka kazi yote pamoja na vifaa kwa bei moja, na anaomba nusu ya fedha kabla ya kuanza.

Bei zao, nikizipigia hesabu hadi mwisho wa kazi, hazitofautiani kwa kiasi cha kutisha. Ninachotaka kujua kwa waliopitia njia hizi ni utaratibu upi unaolinda ubora wa kazi, kwa sababu lipu ikishakauka vibaya hakuna njia ya kuirekebisha isipokuwa kuibandua.

Mama wa Nyegezi

Ndugu yangu wa Buhongwa, mimi nilitumia njia ya pili na ningeirudia, lakini kwa masharti.

Fundi anayelipwa kwa mita hana sababu ya kuchelewa, na mwenye nyumba anajua tangu mwanzo atalipa kiasi gani. Ugomvi unakuja siku ya kupima. Je, dirisha linatolewa kwenye hesabu au halitolewi? Kama linatolewa, zile mbavu zake za ndani na nje, yaani kingo za ukuta zinazozunguka tundu, ambazo zinachukua muda mrefu kuliko ukuta mtupu kwa sababu ya kunyoosha kona, zinalipwaje? Mafundi wengi huku kwetu wanahesabu ukuta mzima bila kutoa matundu, na kona zote zinakuwa ndani ya bei hiyo. Wengine wanatoa matundu, kisha wanadai kona kwa mita ya urefu. Njia zote mbili ni za haki, ila ni lazima ijulikane ni ipi kabla mwiko haujagusa ukuta. Wewe umeshatoa madirisha kwenye vipimo vyako. Hakikisha fundi wako naye anahesabu hivyo, kwa sababu bei mbili zinazofanana kwa mita zinaweza kutofautiana sana mwishoni kwa sababu hiyo tu.

Sharti langu jingine lilikuwa chumba cha majaribio. Fundi alianza na stoo, akaimaliza, tukaikagua wote wawili, kisha ndipo tukaandikiana kazi iliyobaki. Fundi anayejiamini halikatai jambo hili, na huhitaji utaalamu mkubwa kuona kama kona imenyooka.

Fundi wa Igoma

Shikamoo mama, na salamu kwako ndugu mwenye mada. Nimefanya kazi hii kwa taratibu zote tatu, na ninaomba niwaeleze upande wa aliyeshika mwiko.

Malipo ya kila siku yanamfaa mwenye nyumba anayeshinda hapo kwenye kazi. Fundi hana haraka, anaweza kurudia kona mpaka inyooke, na mwenye nyumba akitaka kubadilisha kitu hakuna malalamiko. Lakini kama wewe ni mtumishi unayetoka asubuhi na kurudi jioni, kazi ya siku itavutwa, na hilo linatokea hata kwa watu waaminifu, kwa sababu hakuna kinachowasukuma. Njia hiyo ningeiacha kwa kazi ndogo: kuziba nyufa, kurekebisha ukuta mmoja, au kufanya sehemu ambazo hazipimiki vizuri.

Kwa mita ya mraba hali inageuka. Kila mita ninayoongeza ni fedha yangu, na hapo ndipo pana hatari, kwa kuwa fundi mwenye haraka anaruka mambo yasiyoonekana: hamwagilii ukuta kabla ya kuanza, hachongi nguzo za zege ili lipu ishike, anapiga unene wote kwa mkupuo mmoja. Ukuta utaonekana mzuri siku ya kulipwa. Ubovu unajitokeza baadaye, lipu inapoanza kulia tupu ukiigonga.

Kuna jambo ambalo wenye nyumba hawalioni wanapolinganisha bei. Ukuta uliojengwa bila timazi unakula lipu. Kama tofali limetoka nje ya mstari kwa sentimita 2, nitalazimika kujaza sehemu nzima ili ukuta unyooke, na saruji uliyopanga kwa vyumba viwili itaishia kwenye chumba kimoja. Kwa hiyo fundi anayetaja bei kwa simu bila kuja kuvuta kamba ukutani ama ataongeza bei katikati ya kazi, ama atauacha ukuta ulivyo. Vilevile, ndugu zetu wa Isamilo, Mabatini na sehemu nyingine za milimani ambako lori halifiki, waulizane mapema nani analipa kupandisha mchanga na maji. Gharama hiyo si ndogo, na si ya kupiga lipu.

Msimamizi wa Ujenzi, Ilemela

Ningependa tuongeze hesabu, maana bila hesabu huwezi kulinganisha aliyetoa bei ya ufundi peke yake na aliyetoa bei pamoja na vifaa.

Lipu ya ndani yenye unene wa milimita 15, kwa mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 5, inatumia takriban kilo 5 za saruji kwa mita ya mraba. Mfuko wa kilo 50 kwa hiyo unatosha karibu mita 10 za mraba kama ukuta umenyooka. Kwa nje, ambako upepo wa ziwani unaurushia ukuta mvua, ninashauri saruji 1 kwa mchanga 4 na unene wa milimita 20 kwa tabaka mbili, na hapo mfuko unatosha karibu mita 6. Kwa vipimo vyako hiyo ni mifuko 22 ya ndani na 17 ya nje. Weka 40 na ushuke kidogo tu kama kuta zako ni nzuri sana. Mchanga utahitaji mita za ujazo 6 hadi 7. Chukua bei ya vifaa hivyo dukani leo, pamoja na usafiri, jumlisha na ufundi wa fundi wa pili, kisha linganisha na bei ya yule wa tatu. Kama bei yake iko chini ya jumla hiyo, mwulize saruji ataipunguza wapi, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kupunguza.

Kipimo cha mchanganyiko kisimamiwe kwa ndoo, wala kisiachwe kwa koleo. Mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa takriban lita 35, hivyo kwa 1 kwa 5 unahitaji ndoo 9 za lita 20 za mchanga, na kwa 1 kwa 4 ndoo 7. Koleo la saidia fundi aliyechoka saa nane mchana halilingani na la asubuhi, na hapo ndipo vyumba viwili vya nyumba moja vinapotofautiana ugumu. Mchanganyiko uliokwisha kutiwa maji utumike ndani ya saa moja hivi. Nimekuta sehemu nyingi mafundi wakirudi kutoka chakula cha mchana na kuongeza maji kwenye udongo ulioanza kushika ili ulainike. Huo unapaswa kumwagwa.

Kuhusu mchanga wenyewe, jaza chupa ya maji nusu kwa mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, kisha iache itulie kwa saa chache. Tope litakaa juu kama tabaka. Likizidi sehemu moja kati ya kumi na mbili ya mchanga wote, lori hilo lirudi, kwa sababu udongo wa mfinyanzi unavimba na kusinyaa, na nyufa nyembamba zinazotapakaa ukutani mara nyingi zinatoka huko. Ziwa letu ni la maji baridi, hivyo hatuna tatizo la chumvi linalowasumbua wenzetu wa pwani, lakini mchanga wa ufukweni mara nyingi ni laini mno na una makombe. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mchimbaji anayechota mchanga hapo usiku anaubomoa ufuko tunaotegemea sisi sote. Tusimnunulie.

Mjenzi wa Kisesa

Mimi ninaishi mbali na ujenzi wangu, na kwa mtu wa hali yangu njia ya pili haiwezekani. Nani atapokea saruji? Nani atahesabu mifuko mitupu jioni? Kwa hiyo nilitumia njia ya tatu, na naona imetajwa kama ni ya kuogopwa tu.

Kinachoiharibu njia hiyo ni ile nusu inayolipwa mwanzoni. Sisi tuligawa malipo kwa hatua: fedha ya vifaa vya vyumba viwili vya mwanzo, kisha malipo kila baada ya sehemu kukaguliwa, na sehemu ya kumi ya fedha yote ikabaki mkononi mwangu hadi mwezi mmoja baada ya kazi kuisha. Mkataba uliandikwa kurasa mbili, ukataja unene, mchanganyiko, idadi ya siku za kumwagilia lipu baada ya kupigwa na nani analipia kurudia ukuta uliobanduka, tukausaini mbele ya mtendaji wa mtaa. Ndugu yangu mmoja alikuwa akipita kila jioni na kunipigia picha za ukuta na mifuko. Kikundi kisichokubali kugawa malipo hivyo, mara nyingi ni kwa sababu kinadaiwa kwenye kazi nyingine na fedha yako inakwenda kumalizia nyumba ya mtu.

Kijana wa Nyakato

Naomba kuuliza wakubwa zangu: vijana waliosomea uashi VETA hawafai kazi hii? Bei zao mara nyingi zinavumilika.

Fundi wa Igoma

Wanafaa, kijana wangu, na wengi wanajua vipimo kuliko sisi tuliojifunzia mtaani. Wanachokosa mwanzoni ni mkono: kujua kwa kugusa kwamba lipu imefikia wakati wa kusuguliwa. Ukisugua mapema inavutika, ukichelewa inachanika. Wape kuta za ndani wakiwa na fundi mzoefu mmoja. Nao mafundi wa mtaani wanaoweza kazi bila kuwa na cheti, VETA ina utaratibu wa kuwatambua kwa kupima ujuzi wao, kwa hiyo mwenye nyumba anaweza kuuliza cheti bila kumdharau mtu. Lakini cheti au la, mwombe fundi akupeleke kwenye nyumba aliyoimaliza mwaka jana. Ya mwezi uliopita haitakuambia kitu, kwa kuwa haijapita msimu wa mvua. Ukifika, gonga kuta kwa kifundo cha kidole, kisha uangalie pembe za chini za madirisha na mahali ambapo tofali linakutana na mkanda wa zege. Nyufa zinaanzia hapo.

Mkazi wa Buhongwa

Nawashukuru sana. Leo nimekwenda Mkolani na fundi wa pili, tukaingia nyumba mbili zilizopita masika, na kuta hazikulia tupu isipokuwa sehemu moja ndogo juu ya mlango, ambayo yeye mwenyewe aliionyesha kabla sijaigonga. Jambo hilo limenifanya nimwamini zaidi.

Tumekubaliana hivi: malipo kwa mita ya mraba, matundu yanatolewa, kona zinalipwa kwa mita ya urefu, vifaa nanunua mimi, na saruji natoa stoo mwenyewe kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Ataanza na chumba kimoja. Robo ya fedha ya kila chumba inabaki hadi siku ya saba ya kumwagilia, ili kumwagilia kusiachwe baada ya kusugua. Jirani yangu nitampa kibarua cha siku chache cha kuchonga nguzo na mkanda, kwa sababu mita za kazi hiyo hazipimiki.

Limebaki swali moja. Ukuta wangu mrefu wa nje unatazama magharibi, na jua la mchana linaupiga moja kwa moja. Je, niufanye lini, na niumalizie kwa niru, yaani saruji iliyokorogwa kwa maji, au kwa puti, ule unga wa kulainishia ukuta?

Fundi wa Igoma

Upige asubuhi, wakati nyumba yenyewe inaukinga na jua, na ule wa mashariki uuache hadi mchana. Mwagilia matofali jioni ya siku iliyotangulia, kisha tena asubuhi, bila kuacha maji yakitiririka ukutani. Mahali tofali linapokutana na zege, pigilia wavu mwembamba kabla ya tabaka la kwanza. Tabaka hilo likwaruze likiwa bichi ili la pili lishike, na ukimaliza, funika kwa maturubai au magunia yaliyoloa, kwa maana upepo wa alasiri unakausha kuliko jua.

Kwa nje malizia kwa niru ya saruji, au uache lipu iliyosuguliwa vizuri kisha upake rangi ya nje. Puti ya jipsamu iweke ndani tu, kwenye kuta zisizofikiwa na maji. Rangi isubiri lipu ikauke kabisa, na wiki nne ni kipimo kizuri. Kama mvua za vuli zitakuwa zimeanza, ni heri ukuta huo ubaki bila rangi hadi Januari.