Mjadala: Je, mashirika ya ndege ya bei nafuu yabanwe kwa leseni yasiviache viwanja vya mikoani?

Ndugu wachangiaji, salaam. Swali lililo mbele yetu ni kama serikali iyabane mashirika ya ndege ya bei nafuu, kwa masharti ya leseni, yasikatishe safari za mikoani pale yanapoona haziwalipi. Waliotangulia wamegawanyika. Wapo wanaoyaona mashirika hayo kuwa wachuuzi wa msimu, na wapo wanaosema kwamba asiyepata faida ana haki ya kufunga duka. Mimi niko karibu na hawa wa pili, ila kwa sababu ambayo sijaona mtu akiitaja, nayo ni saa za kazi za ndege.

Ndege ya kukodi hulipiwa kila mwezi, tena kwa dola, iruke isiruke. Shirika linalotoza nauli ndogo halina pa kufidia isipokuwa kuirusha ndege ileile tangu alfajiri hadi usiku, ikiwa imejaa. Ndiyo maana Ryanair ya Ireland ilijizoeza kukaa chini dakika 25 tu kati ya kutua na kuruka tena. Sasa tutazame Songwe, kiwanja kilichofunguliwa Desemba 2012 kuchukua nafasi ya kile cha zamani cha Mbeya. Abiria wapo, kwa kuwa basi kutoka Dar es Salaam hula zaidi ya saa 12. Lakini kwa miaka mingi kiwanja hicho hakikuwa na taa za kuongozea ndege usiku, na ukungu wa asubuhi wa Mbeya anaujua kila aliyewahi kuishi kule. Ndege ya jioni haikuwezekana, na ile ya asubuhi huenda ikazunguka juu ya wingu, kisha ikarudi Dar na watu walewale iliowachukua, mafuta yameteketea, na abiria wa Mwanza waliokuwa wakiingojea ndege hiyohiyo wamekaa wakitazama ubao wa matangazo. Hasara ya safari moja ya Songwe huwafikia watu ambao hawajawahi kukanyaga Mbeya.

Tuliyaona kwa fastjet, shirika la bei nafuu lililoanza safari za Mwanza na Kilimanjaro Novemba 2012, kwa ndege za Airbus A319 na nauli iliyoanzia Sh 32,000 kabla ya kodi na ada. Nauli ya namna hiyo ni ndoano, kwa maana pato lenyewe hutafutwa kwenye mzigo, kwenye kubadili tarehe na kwa wanaokata tiketi dakika za mwisho. Aliyesafiri kwa tiketi za aina hii anamkumbuka yule mama aliyechuchumaa mbele ya mizani, begi wazi, akihamishia kilo tatu za mchele wa Kyela kwenye mkoba wa mkononi huku foleni ikimsubiri. Mwaka 2016 fastjet iliziacha A319, zenye viti zaidi ya 150, ikachukua Embraer 190 zenye viti mia na kidogo. Desemba 2018 ikasimamisha safari zake Tanzania. Jambojet ya Kenya, iliyoanza Aprili 2014 kwa Boeing 737, ilihamia kwenye Q400 za mapangaboi zenye viti visivyofika 80, na bado inatua Kisumu na Eldoret. Sidai kwamba ukubwa wa ndege unaeleza kila kitu, lakini kuvijaza viti 78 mara mbili kwa siku ni rahisi kuliko kuvijaza 156 mara moja.

Kwa hiyo sharti la leseni litafanya nini? Shirika litatimiza andiko kwa kupeleka safari moja ya saa saba mchana kila Jumatano, au litaondoka nchini kabisa, kama ilivyotokea kwa fastjet.

Hoja ya ruzuku, yaani shirika lisaidiwe gharama za safari badala ya kulazimishwa, ina uzito zaidi. Mwaka 2001 jimbo la Wallonia, Ubelgiji, na kiwanja cha Charleroi waliikubalia Ryanair punguzo la takriban nusu ya ada ya kutua kwa miaka 15. Februari 2004 Tume ya Ulaya ikaamua kwamba sehemu ya msaada huo ilikiuka sheria, na Desemba 2008 mahakama ikaufuta uamuzi huo. Miongozo ya Tume ya mwaka 2014 ikaruhusu msaada wa kuanzisha safari kwenye viwanja vyenye abiria chini ya milioni 3 kwa mwaka, usiozidi nusu ya ada za kiwanja, kwa muda usiozidi miaka 3. Ninachokipenda hapo ni tarehe ya mwisho. Shirika linajua lini litasimama kwa miguu yake, na mlipakodi anajua lini ataacha kulipa.

Kuna aliyejibu kwamba sisi tuna Air Tanzania, shirika la serikali, basi yatosha. Ni kweli kwamba Q400 zilizonunuliwa tangu 2016 zimefika Songea na Kigoma, na mgonjwa wa Kigoma anayekimbizwa Muhimbili hawezi kuambiwa asubiri soko likomae. Lakini CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, aliripoti kwamba shirika hilo lilipata hasara ya Sh bilioni 56.64 kwa mwaka 2022/23, na ndani ya namba hiyo mwananchi haoni Songea imekula kiasi gani na safari za nje ya nchi zimekula kiasi gani. Hiyo nayo ni ruzuku, ila haina jina wala tarehe ya mwisho. Ningependa kuona kila safari ya huduma inaandikiwa mkataba wake, ukionyesha kiasi kinacholipwa, idadi ya safari kwa wiki na nauli ya juu kabisa, na mashirika binafsi yaruhusiwe kuushindania.

Kabla ya mkataba huo, hata hivyo, fedha za kwanza ningezipeleka kwenye taa na vifaa vya kutulia ndege kwenye ukungu. Kiwanja kinachofanya kazi saa 18 kinampa kila mwenye ndege nafasi ya kupanga ratiba upya, wa bei nafuu na wa bei ghali. Anayeshikilia masharti ya leseni namwomba ajibu jambo moja: shirika likigoma kwenda Songwe, adhabu itakuwa nini, na je, ndege ya Mwanza itaendelea kuruka siku adhabu hiyo itakapotekelezwa?