Namba ya chasisi NZT260: giaboksi yake hutiwa oili gani?

Swali, kutoka Dar es Salaam
Shikamooni wakubwa zangu. Nina Toyota Premio iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imetumika, na wiki hii inatakiwa kubadilishwa oili ya giaboksi. Fundi wangu, ambaye ninamwamini sana kwa kazi za injini, anasema Premio zote hutiwa haidroliki ileile nyekundu, lakini moyo wangu unasita. Nilipotaka kuhakikisha mtandaoni, kila tovuti ilidai namba ya chasisi yenye herufi na tarakimu 17, ilhali yangu ni NZT260, kistari, kisha tarakimu 7 tu. Je, namba hii imechezewa? Kadi ya gari imeandikwa Premio bila maelezo zaidi.

Jibu la kwanza
Marahaba, mwanangu. Namba yako haina kasoro. Magari yaliyoundwa kwa ajili ya soko la Japani kwenyewe hayapewi namba ya herufi 17, bali hupewa namba fupi ambayo sehemu yake ya kwanza ni modeli na sehemu ya pili ni ya mfuatano. NZ hutokana na injini ya 1NZ-FE ya cc 1,500, T ni ukoo wa Premio na Allion, na 260 ni toleo lililoanza mwaka 2007. Toleo lililotangulia, NZT240, lina injini hiyohiyo, na hapo ndipo mafundi wazuri kabisa hukosea, kwa maana anayeona injini ni moja hudhani na giaboksi ni moja. NZT240 ina otomatiki ya gia 4. NZT260 ina CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, yenye mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, nayo hutiwa oili yake maalumu ya CVT. Ukiitia haidroliki ya kawaida, mkanda huteleza na kukwangua puli, na hasara yake ni giaboksi nzima. Tafadhali mzuie fundi kwanza.

Jibu la pili, kutoka Nairobi
Ninakubaliana na mzee, ila namba ya chasisi hueleza gari lilivyotoka kiwandani, na huku kwetu giaboksi za mtumba hubadilishwa kila siku. Tafuta kibati cha Toyota ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, usome mstari wa TRANS/AXLE: ukianza na K ni CVT, ukianza na U ni otomatiki ya gia. Kisha fundi aingie chini ya gari alinganishe na giaboksi iliyofungwa sasa.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Mstari unasomeka K310, na giaboksi iliyofungwa ni hiyohiyo. Fundi amekisoma kibati mwenyewe, na lita 4 za haidroliki alizokwisha kununua amezirudisha dukani.