Tafakuri ya kundi isiyosema nani alifanya kazi ni udanganyifu, na vyuo vinaukubali

Wanajamvi, salaam.

Mimi ni mwanafunzi wa utayarishaji wa filamu na video katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, ambacho sitakitaja, na naandika uzi huu nikiwa na hasira. Muhula huu tulipewa kazi ya kutengeneza video ya muziki kwa makundi ya watu sita, kisha kila kundi liandike tafakuri ya pamoja kueleza lilivyopanga, lilivyoshuti, lilivyohariri na lilichojifunza. Video yetu ilisifiwa sana mbele ya darasa. Ninacholalamikia ni ile tafakuri, ambayo iliandikwa na mtu ambaye hakukanyaga eneo la kushuti hata siku moja, ikasomwa na mhadhiri, ikapewa alama, na sasa ndiyo kumbukumbu rasmi ya kazi ambayo wengine tuliitolea jasho.

Nianze na Kigamboni, kwa sababu huko ndiko kila mtu alikojulikana. Tulivuka na pantoni kungali giza ili tuwe ufukweni kabla ya jua kuchomoza, kwani ufukwe tuliouchagua unatazama mashariki, na mwimbaji wetu alitakiwa aimbe mwanga wa mwanzo ukimpiga usoni. Wanaoshuti hapa mjini wanajua haraka hiyo inatoka wapi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, jua letu hupanda karibu wima, na ule mwanga laini wa asubuhi haukusubiri. Ikifika saa nne, macho ya mwimbaji yameshazama kwenye kivuli cha paji la uso wake na mchanga nyuma yake umekuwa mweupe mpaka picha haina tena kitu cha kuonyesha. Mratibu wa kundi ndiye aliyekuwa na jukumu la kuleta barua ya serikali ya mtaa. Hakuja, barua haikuja, na simu yake ikawa haipatikani. Mlinzi wa eneo lile alituzuia, na alikuwa na haki ya kutuzuia, tukabaki tumekalia mabegi ya vifaa huku mwanga tuliouamkia ukiisha mbele ya macho yetu.

Aliyetutoa pale ni mpigapicha wetu, binti ambaye kwenye vikao vya kundi hupewa nafasi ya kusema wa mwisho. Alimtafuta mjumbe, mjumbe akampeleka kwa mwenyekiti, akaamkia, akaeleza shida yetu kwa adabu tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee yule alimwuliza, "Mwanangu, na huyo mkubwa wenu yuko wapi?" Hakuwa na jibu la kumpa, lakini alirudi na barua iliyogongwa muhuri, tukapata kushuti jioni yake na alfajiri iliyofuata. Katika tafakuri, habari yote hiyo imekuwa sentensi moja: "Kundi lilikabiliwa na changamoto ya kibali na kuitatua kwa ushirikiano." Naomba mtu yeyote anionyeshe ushirikiano huo uko wapi. Kwa sentensi hiyo, aliyezima simu na aliyezunguka mtaa mzima juani wamepewa sifa ileile na alama ileile.

Sasa nije kwa aliyejiita mwongozaji, ambaye ndiye mwandishi wa tafakuri hiyo. Wimbo wetu una kiitikio cha Bongo Fleva cha mwendo wa taratibu, kisha unaingia kipande cha singeli. Mwongozaji, akiwa kwake, alitutumia ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp akiagiza kwamba kipande cha singeli chote kishutiwe kwa mwendo wa polepole, mwimbaji akiwa anaimba. Aliyewahi kushika kamera anajua kazi hiyo inafanywaje. Ili midomo ilingane na wimbo, unashuti kwa fremu 50, yaani picha moja moja 50, kwa sekunde huku spika ikimpigia mwimbaji wimbo kwa kasi maradufu, naye anaimba kwa kasi hiyohiyo. Baadaye, ukizicheza fremu hizo kwa 25 kwa sekunde, midomo inarudi sawasawa na wimbo wa kawaida, ila nguo, nywele na mawimbi ya bahari vinakwenda taratibu. Kwa kiitikio inawezekana kabisa, na mwimbaji wetu alifanya mazoezi ya ile sauti ya kitoto inayotoka wimbo unapoharakishwa mpaka akaimudu bila kukosa neno. Lakini singeli huenda midundo zaidi ya 200 kwa dakika. Ukiizidisha mara mbili unapata zaidi ya 400, na hakuna ulimi wa binadamu utakaotamka maneno kwa kasi hiyo huku uso ukibaki wa mtu anayefurahia wimbo.

Mpigapicha na mwimbaji walijaribu mara moja, wakaona, wakakata shauri palepale: kiitikio kiende polepole, singeli ishutiwe kwa mwendo wake wa kawaida, kamera ikiwa mkononi katikati ya wachezaji, karibu kabisa na magoti yao. Mimi nilikuwepo, nikishika spika. Shoti ile ya magoti na mchanga unaoruka ndiyo iliyowafanya wanafunzi wenzetu wapige makofi, na mhadhiri aliusifu kwa kinywa chake uamuzi wa kutofautisha miendo miwili. Fungueni tafakuri sasa, msome: "Mwongozaji alifanya uamuzi wa kisanii wa kuutofautisha mwendo wa kiitikio na ule wa singeli." Mtu aliyeagiza kinyume chake, na ujumbe wake wa sauti bado upo kwenye simu zetu, amejiandikia uamuzi wa watu wawili waliosimama majini mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Kuhusu uhariri, ambao ulikuwa wangu, sitasema mengi. Baadhi ya shoti zilichukuliwa kwa simu, na simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu inayopanda na kushuka, kwa hiyo midomo huanza sawa na wimbo halafu huachana nao kidogo kidogo. Ilinibidi nizigeuze shoti hizo zote ziwe na fremu 25 thabiti kabla ya kuzipanga upya. Tafakuri inasema video "ilihaririwa na kundi." Wengine watano hawakufungua programu ya uhariri hata mara moja, na wanne kati yao wanakiri hivyo bila shida.

Kilichonifanya nishindwe kunyamaza ni saini. Hatukuonyeshwa tafakuri kabla haijawasilishwa. Saini zetu zilichukuliwa kutoka kwenye fomu ya kuunda kundi, zikabandikwa kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya maneno kwamba sote tumesoma na tumekubali. Mpigapicha alipouliza kwenye kundi la WhatsApp, alijibiwa, "Dada, acha majungu, alama tumepata." Tulipokwenda kwa mhadhiri, kwa heshima zote, tukiwa na ujumbe wa sauti na faili zenye tarehe zake, alituambia kwamba mambo ya kundi humalizwa ndani ya kundi, na kwamba kwa kuwa majina yetu yote yapo haoni tunalalamikia nini. Mwalimu anayeonyeshwa saini iliyobandikwa akajibu hivyo anawafundisha nini wanafunzi wake?

Baada ya hapo mwongozaji ameiweka video kwenye ukurasa wake ikiwa na jina lake peke yake, la mpigapicha likiwa limekatwa, na tayari ameanza kupata watu wanaotaka awatengenezee video zao. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inatambua haki ya mbunifu wa kazi kutajwa kwa jina. Tunaifundishwa darasani, tunajibia mtihani, halafu katika kazi zetu wenyewe chuo kinageuza uso.

Najua wapo watakaoniambia kwamba mtaani ndivyo mambo yalivyo, nizoee. Si kweli. Mtaani msanii anayelipia video yake yupo eneo la kushuti, anamwona nani ameshika kamera na nani hakutokea, na asiyetokea haitwi tena. Kubebwa kwa kiwango hiki kunawezekana chuoni tu, kwa sababu anayetoa alama hayupo wakati wa kazi na anategemea karatasi iliyoandikwa na yule mwenye sababu kubwa zaidi ya kudanganya. Wanaoumia si wavivu. Wanaoumia ni watu kama binti yule, ambaye atamaliza chuo bila ushahidi wowote wa maandishi kwamba shoti bora ya mwaka huu ilikuwa yake.

Ninachodai hakihitaji fedha. Kila mwanafunzi aandike tafakuri yake mwenyewe na aiwasilishe mwenyewe, bila kupitia kwa kiongozi wa kundi. Iambatishwe na ratiba ya siku ya kushuti inayoonyesha waliofika, na orodha ya shoti pamoja na aliyezipiga, kwa sababu vitu hivi tunavitengeneza hata hivyo na vinaishia kutupwa. Na mhadhiri amwite kila mmoja kwa dakika chache amwulize jambo moja la kazi yenyewe. Mwongozaji wetu angeulizwa tu kwa nini kiitikio kilishutiwa kwa fremu 50 na singeli kwa 25, ukweli ungejulikana kabla hajamaliza kukohoa.

Wahadhiri mliomo humu ndani, wa chuo chochote kile, naomba mnijibu waziwazi: kundi likiwaletea tafakuri yenye saini sita, mnafanya nini kuthibitisha kwamba watu sita waliisoma? Na ninyi wanafunzi mliobandikiwa saini kama sisi, andikeni hapa chini yaliyowapata, ila msitaje majina ya watu wala vyuo, maana sitaki uzi huu ufungwe kabla haujajibiwa.