Wajukuu Wote na Wakwe 📚

Da Rehema 18:04
Jamani salama? Nakumbushia. Maktaba imetushikia nakala saba za Kisiwa chenye Hazina mpaka kesho saa sita mchana, baada ya hapo wanawapa wengine. Jumamosi tunapiga simu ya video tunajadili sura tano za mwanzo. Nataka majina, aliye tayari aandike NIPO

Da Rehema 18:05
NIPO

Da Rehema 18:33
Naona tiki za bluu zimejaa na NIPO ni moja, tena ya kwangu

Kaka Idi 18:40
Shkamoo dada. Hiki si ndo kile tulisoma shule ya msingi?

Da Rehema 18:40
Marahaba. Ndo hicho hicho

Kaka Idi 18:42
Sasa mimi na mvi zangu nikae sebuleni na kitabu cha watoto, wanangu si watanipiga picha 😂 tutafute kitu cha maana bwana

Binamu Juma 18:43
We Idi unaangalia katuni na watoto mpaka wao wanalala unabaki peke yako, mkeo kashatuambia

Wifi Neema 18:47
Mi sijasema kitu

Wifi Neema 18:47
Ila ni kweli

Da Rehema 18:48
Tusitoke kwenye mada. MAJINA

Mjomba Hamisi 18:59
Idi mjomba ngoja nikwambie kitu. Stevenson hiyo hadithi aliianza 1881 kwa ajili ya mtoto wa kambo, mvua imewafungia ndani, wakawa wanachora ramani ya kisiwa na rangi za maji. Sasa baba yake Stevenson, mzee mzima, injinia wa minara ya taa, akawa anasikiliza ikisomwa na yeye akanasa vibaya sana, ilipofika lile sanduku la baharia lifunguliwe ni mzee mwenyewe aliyekaa chini akaandika orodha ya vitu vilivyomo. Mtu wa kujenga minara baharini huyo. We fundi kompyuta unaona haya ya nini

Binamu Juma 19:01
Kwa hiyo Jumamosi mjomba ndo anafungua sanduku 😂😂

Asha 19:06
Na haya hizo si za kaka Idi tu. Harry Potter ilipoanza kusomwa na wakubwa, Bloomsbury wale wachapishaji wake wa London wakatoa toleo la watu wazima 1998, jalada ni picha ya garimoshi nyeusi na nyeupe, ndani hadithi ni ile ile. Yaani mtu asome kwenye treni jirani asijue. Tukutafutie kaka, tukuwekee jalada la sheria za kodi

Kaka Idi 19:07
Hilo nitumie 😂

Asha 19:08
Nikutumie kitabu tena mimi? Sehemu ya tatu ya zile hadithi zangu nyingine iko wapi kwanza

Binamu Juma 19:08
Loh. Imeanza

Kaka Idi 19:12
Asha hilo si tulishalimaliza siku ile ya mizigo

Asha 19:16
Ulilimaliza wewe na nani? Rafu yangu ina ya kwanza, ya pili, ya nne na ya tano. Mi hizo hadithi narudia kila nikichoka na dunia na kila nikifika hapo naruka, na hapo ndo yule binti anagombana na mamake. Nilipoisoma nina miaka kumi na tatu nililia na binti, mama nikamwona mchawi tu. Leo binti wa umri huo ninaye ndani, nataka niisome nimsikilize yule mama alikuwa anasema nini hasa, na siwezi kwa sababu yako. Usinambie nikanunue nyingine, ile nilikuwa nimeandika pembeni

Kaka Idi 19:19
Nilimpa Juma

Binamu Juma 19:20
Na mimi nikampa mtu ambaye sitamtaja humu

Da Rehema 19:20
Kwani yumo humu??

Binamu Juma 19:21
Yumo na anasoma

*Ujumbe huu umefutwa*

Da Rehema 19:22
Nani kafuta?

Da Rehema 19:30
Haya basi. Kesho saa sita. Majina jamani

Shemeji Peter 20:15
Samahani nilikuwa kazini. Tunajadili nini?

Binamu Juma 20:15
Shem rudi tu kazini

Bibi 20:21
🎤 Ujumbe wa sauti (1:12)

Wifi Neema 20:24
Niko na watu siwezi kufungua, kuna wa kutuandikia?

Asha 20:30
Naandika kama alivyosema. "Mimi kusoma nimejua nikiwa na watoto wanne. Vitabu nilivyopewa vilikuwa vya watoto, herufi kubwa na picha, na hivyo hivyo navisoma hadi leo. Baba yenu mkubwa akinikuta navyo alikuwa anacheka, nikawa nasoma nimefunga mlango. Sasa nasikia humu mtu anaona haya. Aone, mimi zangu ziliisha zamani. Na kitabu cha Asha kirudi, sitaki kujua kimepitia mikono ya nani."

Baba Mkubwa 20:52
Nimekusikia mama

Kaka Idi 20:58
Shikamoo Bibi. NIPO

Wifi Neema 20:59
NIPO

Asha 20:59
NIPO

Shemeji Peter 21:03
NIPO lakini Jumamosi sipo

Binamu Juma 21:03
Shem upo au haupo 😂

Mjomba Hamisi 21:10
Mimi pia Jumamosi nina udhuru, tuseme Jumapili

Da Rehema 21:11
Mjomba Jumamosi uliichagua WEWE

Da Rehema 21:14
Ninao watano, sita nikimhesabu mjomba. Baba Mkubwa tukuandike? Na nani anaenda kuvichukua, mi kesho nina kikao mpaka saa nane

Asha 21:20
Juma nakusubiri

Binamu Juma 21:21
Simu inazima jamani, chaji asilimia mbili

Da Rehema 22:40
Nani anaenda maktaba??

Wifi Neema 06:48
Asubuhi njema. Hiyo saa sita ni ya leo?