Nimefungua prosesa, ndani nimekuta nafasi tupu. Je, imeibwa?

FundiMajengo:
Wakuu, salaam. Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Majengo sokoni, Dodoma. Wiki iliyopita mteja kaniletea mashine yenye prosesa ya AMD, Ryzen 5 3600, radi imeipitia, bodi na prosesa vyote chali. Akaniachia mabaki. Mimi na udadisi wangu nikaipasha prosesa kwa blowa, nikapitisha wembe pembeni, kofia ya metali inayofunika chipu ikabanduka. Nilitegemea chipu moja katikati kama za zamani. Nimekuta mbili: kubwa moja, ndogo moja iko kona, na jirani ya ile ndogo pana nafasi tupu ya ukubwa uleule. Mteja kaona, sasa kanikalia kooni: ama nimemwibia kipande, ama aliuziwa feki. Nimjibu nini?

Jirani_Kizota:
Mwambie ulikosa mboga 😂

BintiSabasaba:
Fundi, hakuna aliyeibiwa. Ndivyo zilivyotoka mwaka 2019. Nafasi hiyo ni ya kipande cha pili, kinachowekwa kwenye Ryzen 9 kama 3900X.

Kwa nini wasitengeneze chipu moja? Mama yangu aliuza kashata za karanga Sabasaba, na vumbi letu la Agosti mnalijua. Ukimwaga kashata kwenye sinia, punje za mchanga hazikosi kudondokea, na mteja akiuma mchanga harudi. Mama akikata vipande vikubwa, punje moja inamla kipande kizima. Akikata vidogo, hasara ni kidogo.

Sinia la chipu ni sahani ya silikoni yenye kipenyo cha milimita 300. Tuseme ina kasoro 40. Chipu za milimita 700 za mraba zinatoka kama 80, na unaweza kupoteza 30 hivi. Ukikata za milimita 74, kama hiyo ndogo yako, unapata zaidi ya 800 na kasoro zote 40 haziwezi kukuharibia zaidi ya 40.

Halafu hiyo ndogo ina kore 8, yaani sehemu zinazofanya hesabu, ila mteja wako alinunua 6. Mbili zimezimwa. Kipande chenye kore mbovu si lazima kitupwe. Mama naye alimega kona yenye mchanga, kilichobaki akawauzia watoto wa shule kwa bei ya chini.

Ile kubwa inashughulikia RAM na vifaa vya nje. Saketi za namna hiyo hazisinyai sana hata kwenye mtambo mpya, ndiyo maana imetengenezwa kwa mtambo wa zamani wa nanomita 12 na ndogo kwa mpya wa 7.

FundiMajengo:
Nimekuelewa dada. Ila si wangechora chipu ndogo tu tangu mwanzo?

BintiSabasaba:
Zamani ilikuwa hivyo, kaka. Prosesa ya 6502 ya mwaka 1975 ilichorwa kwa mkono, transista (swichi ndogo mno) elfu chache, ikauzwa dola 25 wakati wenzake walikuwa juu ya dola 100. Mwaka 1985 kule Cambridge, Sophie Wilson na Steve Furber walichagua amri chache na nyepesi, prosesa ya kwanza ya ARM ikatosha kwa transista 25,000 hivi. Intel 386 ya mwaka huohuo ilikuwa na 275,000.

Leo ni mabilioni. Programu ya kompyuta ndiyo inayopanga vitofali vya saketi vilivyochorwa tayari. Nafasi kidogo inapotea, ila kazi haichukui maisha yako yote.

Na kukatakata nako kuna gharama. EPYC, prosesa ya AMD ya seva ya 2017, ilikuwa na vipande vinne vya milimita 213 za mraba. Kwa hesabu ya AMD wenyewe, chipu moja ingekuwa 777, yaani eneo liliongezeka karibu asilimia 10, lakini gharama ya kutengeneza ikashuka kwa asilimia 40 hivi. Pia data ikivuka toka kipande hadi kipande inakula umeme. Simu yako ya betri haitaki mchezo huo, ndiyo maana kore zake kwa kawaida ziko kwenye chipu moja.

FundiMajengo:
Mrejesho: mteja kaja, nimemwonyesha picha ya 3900X iliyofunguliwa, vipande vitatu, nikaweka yake pembeni. Kaelewa. Ila sasa anataka kofia yake niigundishe.